Sifa hazilipi minervali

Vijana wenzetu, kila mara askari wa FARDC anakufa vitani, wakubwa banamwita shujaa. Bendera juu ya sanduku, hotuba, mambo yameisha. Septemba ikifika, shule inamuuliza mujane minervali, na ile siku hakuna mukubwa anaonekana.

Sheria iko. Ile ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya wanajeshi inatambua haki za wajane na yatima. Lakini mujane wa Beni ao Bunia atafuata dosye mpaka Kinshasa na pesa gani?

Banatujibu: masomo ni bure. Ndiyo, tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Na kisha? Sekondari na chuo kikuu wazazi ndio wanalipa. Askari aliyekatwa miguu naye ana watoto: yuko hai, lakini hawezi tena kutafuta.

Sisi tunasema: hii si sadaka, ni deni. Tunadai:

– minervali ya hawa watoto ilipwe na serikali, moja kwa moja kwa shule, mpaka chuo kikuu;
– dosye zipokelewe na kumalizika hapa hapa katika kila provensi;
– pesa za hii kazi zionekane katika bajeti ya kila mwaka.

Mtoto aliyefukuzwa shuleni, makundi yenye silaha yanamungoja. Tusikubali aingie kwa wale waliomuua baba yake.

Mbunge akikuja kutafuta kura, mumuulize: watoto wa mashujaa wanasoma wapi?