Kipimo Kwanza, Kipuri Baadaye

Vumbi na makorongo ya barabara za Shinyanga na Geita havina huruma kwa gari kuukuu. Nyaya hulegea, vichwa vya betri hushika kutu, taa hufifia, na hatimaye injini hukataa kuwaka. Hapo ndipo mshahara wa mwalimu huanza kuyeyuka: leo betri mpya, kesho alteneta, keshokutwa stata, na ugonjwa ungali palepale.

Kubahatisha huko si ufundi. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 gari likiwa limezimwa; injini ikinguruma, alteneta nzima huifikisha kati ya 13.5 na 14.5. Vipimo vikiwa hivyo, hakuna sababu ya kukimbilia dukani kabla ya kukagua fyuzi, nyaya na viungo vyake kwenye bodi, ambavyo mara nyingi huhitaji msasa na spana tu.

Hivyo basi, kila mwenye gari hana budi kudai kipimo kabla ya kutoa fedha, na kurudishiwa kipuri kilichofunguliwa. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo Shinyanga. Halmashauri ziwahimize mafundi wa mitaani, kuanzia Kahama hadi Geita, wakanolewe huko. Fedha inayopotea kwa kubahatisha ndiyo ada ya mtoto.