Ng'ombe kwanza, gabioni baadaye

Kwa Mkurugenzi, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria

Yah: Kingo za Mto Mara, Tarime na Serengeti

Ndugu Mkurugenzi,

Kichwa cha barua kinasema kingo, lakini nakuandikia kuhusu ng'ombe.

Mto Mara ukijaa hauanzi kula ukingo kutoka juu. Unachimba kitako, udongo wa juu unabaki ukining'inia na mahindi yake, kisha maji yakishuka pande zima linaporomoka. Mara nyingi panapoanza kumeguka ni pale mifugo inaposhukia kunywa: kwato zimesaga nyasi mpaka pakawa mfereji. Na mto huu hujaa hata huku kwetu pakiwa pakavu, kwa mvua iliyonyesha Mau, Kenya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sawa. Ila kigingi cha kuonyesha mpaka huo hakimnyweshi ng'ombe. Tunaomba mabirika ya kunyweshea nje ya mita hizo, na pasipowezekana, mteremko mmoja uliosakafiwa mawe, kwingine pafungwe.

Hapo ndipo ujenzi uje. Karibu na daraja na barabara, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zinahitajika, msingi wake uzame chini kuliko mto unavyochimba na ncha zake ziingizwe ndani ya ukingo. La sivyo maji yatapita nyuma yake na kuzibeba. Juu ya gabioni ukingo ulazwe, upandwe nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake huweza kushuka mita 3, na matete yarudishwe majini yalikokuwa. Sehemu nyingine nyingi mawe ni kupoteza fedha. Nyasi na kuupumzisha ukingo vinatosha. (Wakandarasi hawatalipenda hilo.)

Jambo jingine ni tarehe ya kupanda miti. Siku ya Mara huadhimishwa Septemba 15, na ni vizuri viongozi wapande miti. Lakini Septemba vuli haijakolea, na mche usio na mvua wala uzio ni lishe ya mbuzi. Hotuba zibaki Septemba, miche isubiri Novemba, na fungu la kuitunza likabidhiwe jumuiya za watumia maji, ambao wanaupita ukingo huo kila asubuhi.

Tunaomba utujibu kabla ya vuli: birika la kwanza litajengwa kijiji gani?

Wako,
Mfugaji na mkulima, Tarime