Mia Tisa za Usiku wa Giza



Juma hili tunaiacha pwani kwa muda na kwenda Karungu, kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori. Tunakwenda huko kwa sababu mvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, ana somo juu ya akiba ambalo kila nyumba yafaa ilisikie. Wavuvi wetu wa dagaa wa Unguja na Pemba watalitambua mara moja, kwani wao nao huvua kwa taa.

Omena hufuata mwanga. Mvuvi huweka taa juu ya maji usiku, dagaa wakajikusanya chini yake, kisha akawazungushia wavu. Kazi hiyo yataka giza. Mwezi ukikaribia kukamilika, nuru yake hutapakaa ziwa zima, taa hupoteza nguvu, na mitumbwi hupumzika ufukoni. Juu ya hayo, kila mwaka Kenya hufunga uvuvi wa omena tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wapate kuzaana. Mvuvi huyu basi ana njaa mbili ambazo tarehe zake zajulikana mapema: ya mbalamwezi na ya msimu wa kufungwa ziwa.

Natuchukue mfano tupige hesabu. Mvuvi apata shilingi 900 kwa kila usiku wa giza, naye avua siku 20 katika mwezi. Jumla yake ni shilingi 18,000. Lakini watoto wake hula siku zote 30, si siku 20. Tukizigawa fedha hizo kwa siku 30, riziki yake ya siku ni shilingi 600. Tena, ikiwa hana kazi nyingine, miezi minane ya kuvua yapaswa kulisha miezi kumi na miwili. Na hapo 600 hushuka hadi 400. Mtu aliyetoka ziwani alfajiri akidhani ana 900 mkononi, kwa kweli ana 400. Mia tano zilizobaki ni za siku ambazo hazijafika. Akizitumia leo, amekula chakula cha wanawe cha kesho.

Nazo hutumiwa vipi? Si kwa jambo kubwa. Ni sahani ya pili hotelini, vifurushi vya intaneti, shati lililopita mbele ya macho, rafiki aliyeomba mbele za watu, na kwa wengine, Mungu atuepushe, kamari ya mpira kwenye simu. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Zamani fedha zilihitaji mguu kwenda dukani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, zinahitaji kidole tu, na mkopo wa simu umekaa karibu na kidole hichohicho, pamoja na ada yake.

Mwezi ung'aapo, madeni huanza. Lakini anayeumia zaidi mara nyingi si mvuvi, bali mwanamke anayenunua samaki ufukoni. Katika fuo za ziwa hili kuna desturi mbaya iitwayo jaboya, ambapo mvuvi hudai mwili wa mwanamke ndipo amuuzie samaki. Mama asiye na mtaji wake hana nguvu ya kukataa. Ndiyo maana hatukubali kuwa akiba ni habari ya matajiri. Kwa mama huyo, shilingi alizoziweka ni ulinzi wa heshima yake.

Katika Surat Yusuf tunasoma jinsi Nabii Yusuf, alayhis salaam, alivyoshauri nafaka iachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kuliwa. Tuzingatie wakati wa ushauri ule: ulikuwa wa kutendwa katika miaka ya neema, kabla ya ukame. Akiba huwekwa siku ya giza, samaki wapatikanapo. Anayengoja mbalamwezi amechelewa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, fungu la akiba litoke kabla ya fedha kufika nyumbani au sokoni, na liende mahali pasipofikiwa na kidole: kibubu kilichofungwa, chama cha watu wanaoaminiana, au akaunti isiyo na riba, benki za namna hiyo zipo nchini Kenya tangu mwaka 2008. Pili, kitu kisicho cha lazima kilale usiku mmoja kabla ya kununuliwa. Vingi havitaamka. Tatu, mume na mke wahesabu pamoja. Siku nyeupe tunazozifunga kwa sunna, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu, ndizo siku ambazo mwezi umejaa na mitumbwi imetulia. Baada ya futari, familia na ikae, itazame kilichowekwa na kilichoponyoka, bila ya kulaumiana.

Wala hatusemi watu wawe mabahili. Surat Al-Israa hutukataza kuufumba mkono kama tunavyokatazwa kuukunjua wote. Mgeni na apewe chai yake, jirani na asaidiwe. Na akiba ikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikatimiza mwaka wa mwezi mwandamo, humpa mwenyewe daraja jipya: hutoa zaka ya asilimia 2.5. Aliyekuwa akiomba mkopo kila mbalamwezi sasa ana haki ya maskini katika mali yake.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu na ajiulize: katika mia tisa zangu, ngapi ni za leo?

Wabillahi tawfiq.