Ibara Ipo, Sheria Iko Wapi?

Jamani, jana kantini nusura sahani zirushwe. Mjadala ulianza na bumu kuchelewa, sijui ukafikaje kwenye Mahakama ya Kadhi, na hapo kila mtu akageuka mwanasheria. Huyu anapiga meza: "Serikali haina dini, soma Ibara ya 3!" Yule anamjibu: "Mbona 1992 ilisaini makubaliano na makanisa?" Mimi nikala wali wangu kimya. Sasa nasema.

Wote wana hoja, na wote wanafiki. Mimi mwenyewe Mkristo, kwa hiyo msinirushie mawe ya upande mmoja. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini utakuwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sawa, lakini "nje" ni wapi? Mwaka 1992 serikali ikasaini hati na TEC na CCT kuhusu shule na hospitali za makanisa. Mwaka huohuo Zanzibar ikajiunga na OIC, kelele zikapigwa, 1993 ikajitoa. Mwaka 2005 CCM ikaandika kwenye ilani kwamba suala la Kadhi Bara litapatiwa ufumbuzi. Yaani mambo mazito namna hii yanapitia kwenye hati, uanachama na ahadi za kampeni, halafu sisi tunabaki kuhesabiana nani kapendelewa.

Sisemi hospitali za misheni zifungwe, wee! Bibi yangu alitibiwa huko. Nasema Bunge litunge sheria. Fedha ya umma ikiingia kwenye taasisi ya dini, mkataba uwekwe hadharani, mgonjwa asiulizwe anasali wapi, na masharti yawe yaleyale kwa kanisa, msikiti na asiye na lolote. Mbona Sheria ya Elimu ya 1969 ilitaifisha shule za misheni, na makanisa bado yapo?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nikiwa BTP kwenye sekondari moja ya serikali, mwalimu wa zamu aliongoza sala paredi ya asubuhi, sala ya dini yake. Binti mmoja wa kidato cha pili hakuinamisha kichwa. Akaitwa mbele aeleze kiburi chake. Alisimama pale mbele ya shule nzima, anachezea kifungo cha sweta, hasemi kitu. Na mimi, mwalimu mtarajiwa, niliyefundishwa saikolojia ya mtoto mihula miwili, nikawa naangalia viatu vyangu. (Kule nilikosoma msingi ilikuwa kinyume chake, walioinamishwa vichwa ni sisi. Kwa hiyo hakuna dini ya kujisafisha hapa.)

Najua kuna atakayesema nataka kumfukuza Mungu shuleni. Hapana. Vipindi vya dini vibaki, kila kundi na mwalimu wake, kwa hiari. Ila mwalimu wa zamu analipwa kwa kodi ya baba wa yule binti pia. Ningetaka mkuu wa shule awe na kifungu cha sheria cha kumwonyesha, na binti awe na pa kulalamika. Ibara ya 19 ilikuwepo siku ile, na haikumsaidia kitu.

Haya, wa kantini mje mnijibu hapa. Bila kurusha sahani.