Kanda za Harusi na Darsa: Tuzihamishe Wenyewe, Nyumbani



Katika makabati ya nyumba zetu nyingi zimo kanda za VHS: harusi za miaka ya themanini na tisini, maulidi, darsa za masheikh waliokwisha kutangulia mbele ya haki, na nyuso za wazee ambao wajukuu hawakuwadiriki. Kanda hizo hazidumu. Sumaku inayoshika picha hufifia, na joto na unyevu wa pwani huziharibu upesi. Deki nazo zinaadimika: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo Julai 2016.

Yako maduka yanayohamisha kanda kwa malipo. Kwa darsa na maulidi ya hadhara hatuna neno. Lakini kanda ya ukumbi wa wanawake, ambamo mama zetu na dada zetu wamejipamba wakijua kuwa wanaonwa na wanawake wenzao, ni amana. Fundi hana budi kuitazama anapoihamisha, na nakala yaweza kubaki katika kompyuta yake. Ndiyo maana tunanasihi kazi hii ifanywe nyumbani, na kanda za namna hiyo zishikwe na wanawake wa nyumba.

Tuanze na kanda yenyewe. Inua kifuniko chake uitazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembezoni, hiyo ni kuvu. Usiitie ndani ya deki, kwani itachafua hedi na kuambukiza kanda nyingine. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kuchezwa. Vunja pia kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kaseti, ili isije ikarekodiwa juu kwa bahati mbaya.

Deki ichomolewe umeme, kisha hedi isafishwe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Shikilia kitambaa kikiwa kimetulia, uzungushe pipa la hedi taratibu kwa mkono. Kusugua juu na chini huvunja hedi.

Wengine huichezesha kanda kwenye televisheni na kuirekodi kwa simu. Picha hiyo humetameta na sauti huwa ya chumbani. Njia iliyo bora ni kifaa cha kunasia picha, kinachounganisha deki na kompyuta kwa USB. Deki yenye tundu la S-Video itumie hilo badala ya waya wa manjano, maana rangi hutoka safi zaidi. Picha ikiyumba au sauti ikiachana na midomo, kuipitisha kwanza katika baadhi ya mashine za kurekodia DVD huituliza.

Chagua mfumo ulio sahihi. Kanda za Kenya, Tanzania na Oman ni za PAL, yenye mistari 576 ya picha. Zilizotumwa na jamaa walioko Marekani ni za NTSC, yenye mistari 480, nazo zahitaji deki inayokubali mifumo yote miwili.

Wakati wa kunasa, hifadhi picha bila kuibana kwa namna inayoipunguza, kwa mfano kwa HuffYUV katika programu ya VirtualDub, ambayo ni ya bure. Saa moja yaweza kuchukua gigabaiti 30 au zaidi. Baada ya hapo ndipo itengenezwe nakala ndogo ya kutazamia.

Katika nakala hiyo jambo moja hukosewa sana. PAL hutoa nusu-picha 50 kila sekunde, mistari ya witiri kisha ya shufwa. Zikiunganishwa ovyo, kila kinachotembea huota meno kama ya chanuo. Iamuru programu izigeuze kuwa picha kamili 50 kwa sekunde, mwendo utabaki laini. Wala picha isivutwe ijaze kioo kipana. Uwiano wake ni 4 kwa 3, na ukivutwa bibi harusi huonekana mnene kuliko alivyokuwa.

Mwisho, weka nakala tatu: mbili katika diski mbalimbali nyumbani, na moja kwa ndugu mwaminifu. Kanda ya asili usiitupe.

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Kanda iliyofungiwa kabatini ilijilinda yenyewe, kwani aliyetaka kuiona alilazimika kubisha hodi. Faili huzunguka makundi ya WhatsApp kwa dakika moja na halirudi. Aliyekubali kupigwa picha mbele ya wanawake wenzake mwaka 1992 hakukubali kuonwa na kila mwenye simu. Basi kabla ya kumpa mtu yeyote nakala, waulizwe wenyewe waliomo. Na aliyefariki, stara yake i mikononi mwa warithi wake.

Wabillahi tawfiq.