Michezo ya video: nafasi ya kwanza hailipi sawa kila mahali

Kamanyola, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Bukavu na Uvira, kijana anayewashinda wenzake kwenye PlayStation anaheshimiwa mtaa mzima. Wadogo zake wanamwambia angezaliwa Ulaya angekuwa tajiri, kwa sababu kwenye telefone wameona orodha ya wachezaji wa kwanza duniani na mamilioni ya dola pembeni ya majina yao. Orodha hizo si uongo. Shida ni namna zinavyosomwa, hasa pale kijana anapoanza kupeleka pesa ya minervali kwenye nyumba ya michezo.

Mwaka 2019 unafundisha. Mwisho wa mwezi wa saba, New York, Mmarekani Kyle Giersdorf, maarufu kwa jina la Bugha, mwenye miaka 16, alishinda Kombe la Dunia la Fortnite na kulipwa dola milioni 3. Siku chache baadaye, Las Vegas, Mpakistani Arslan Ash alichukua ubingwa wa EVO katika Tekken 7, naye alikuwa amekwisha kushinda EVO ya Japani mwaka uleule. Wote wawili walikuwa namba moja. Lakini zawadi ya Arslan ilikuwa ndogo sana mbele ya ile ya Bugha. Sehemu ya pesa ya EVO ilitoka katika michango ya wachezaji wenyewe, dola 10 kwa kila mmoja. Ile ya Fortnite ilitoka kwa Epic Games, kampuni yenye mchezo. Vidole havikuwa na kosa.

Hata ndani ya mchezo mmoja, pesa haishuki polepole kama nafasi. Katika mashindano ya Dota 2 ya Shanghai mwaka huohuo, zawadi zote zilipita dola milioni 34. OG, timu ya kwanza, ilichukua milioni 15 na zaidi. Team Liquid, ya pili, ilipata karibu milioni 4 na nusu. Kama wa pili anaachwa mara tatu, wa mia moja anabaki na nini? Tena orodha nyingi zinapanga wachezaji kwa kufuata zawadi walizopata. Kusema kwamba walio juu ndio wenye pesa ni kuzunguka palepale.

Karibu na kwetu, Mkenya Sylvia Gathoni, QueenArrow, mchezaji wa Tekken, alijulikana mwaka 2018 aliposainiwa na timu ya kigeni. Mlango wake ulikuwa mkataba, si zawadi ya mamilioni.

Kijana wa Kamanyola ana mizigo mingine. Mto Ruzizi unatoa umeme kwa nchi tatu, lakini moto unakatika katikati ya mchezo. Seva za michezo mingi ziko Ulaya ao Afrika ya Kusini, mega zinaisha haraka, na bila paspoti na viza hakuna fainali. Mzazi anayemwita mvivu anakosea. Kushinda kunahitaji akili na mazoezi. Ila kabla ya kuacha masomo, kijana aulize kwanza nani analipa zawadi ya mchezo anaoupenda. Kwa sasa, Kamanyola, mwenye kurudi nyumbani na franka kila jioni ni mwenye tele na maneti.