Mwanafunzi wa Kigeni Ashushwe Kariakoo

KUTOKA UANI
Na Zuhura Mkumbukwa

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, vyuo vyetu hupokea vijana wa mpango wa kubadilishana wanafunzi: Wajerumani, Waswidi, Wamarekani, Wachina, na wenzetu kutoka Kongo na Komoro. Hupokelewa vizuri mno. Gari linawasubiri Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, dereva kashika karatasi yenye majina, na safari inakuwa ya moja kwa moja hadi Mlimani au nyumba ya wageni Mikocheni. Kesho yake kuna kikao cha makaribisho chenye maandazi na chai ya maziwa, na hapo wanausiwa: usinywe maji ya bomba, usitembee na simu mkononi, usipande bodaboda usiku, na Kariakoo usiende peke yako.

Nina ugomvi na hilo la mwisho.

Vibaka wapo Kariakoo, sikatai, na mimi mwenyewe nikiingia Mtaa wa Kongo mkoba nauvuta kifuani. Lakini vibaka wapo Mwenge pia, wapo hata Masaki, na sijasikia mgeni akikatazwa kwenda Masaki. Tunachomwambia kijana huyu hasa ni kwamba jiji tunaloishi sisi halimfai yeye. Basi anabaki kwenye jiji la pembeni: darasani, hosteli, Mlimani City, Coco Beach Jumamosi, Bolt kwenda na Bolt kurudi. Muhula ukiisha anarudi kwao na picha za Zanzibar na Kiswahili kilekile alichokuja nacho, pengine pungufu.

Cha ajabu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilizaliwa hukohuko tunakowakataza. Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kilifunguliwa kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU kwenye mtaa ambao leo ni Lumumba, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hata 20 hawakufika. Kwa kuwa wakati ule hapakuwa na kitivo kingine cha sheria katika vyuo vya Kenya na Uganda, vijana wa huko waliotaka kusomea sheria ndani ya Afrika Mashariki walikuja hapa. Desturi hiyo iliendelea hata chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011, shahada yake ya kwanza ya sheria aliipatia Dar es Salaam.

Wale wa Lumumba hawakuhitaji kikao cha kuelezwa mji. Wakitoka darasani walikuwa tayari wako mjini. Mlimani ni kuzuri, kuna upepo na tumbili, ila ni kilomita 13 kutoka katikati ya jiji, na kwa foleni yetu hii kilomita 13 zinatosha kabisa kumkatisha mtu tamaa.

Mmoja wa wageni wa wakati ule aliacha maandishi kuhusu siku zake za mwanzo. Yoweri Museveni wa Uganda alifika Mlimani mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, kusoma siasa na uchumi. Alikuja makusudi, akivutwa na siasa za Nyerere na wapigania uhuru waliojaa jijini. Mwaka 1970, akimaliza, aliandika katika jarida la wanafunzi la Cheche kuhusu miaka yake mitatu Tanzania, na humo anaeleza kwamba alipofika tu alivunjika moyo: wanafunzi aliowakuta hawakuwa na moto wa kimapinduzi aliokuwa akiutarajia. Malalamiko hayo kila mwanafunzi wa kigeni anayo, kwamba mji alioukuta sio ule aliousoma. Tofauti ni alichofanya baadaye. Hakukaa bwenini kununa. Yeye na wenzake walianzisha USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, wakamsikiliza Walter Rodney (naye mgeni, wa kutoka Guyana), wakajuana na watu wa Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, ambao ofisi yao ilikuwa mjini, na mwaka 1968 kundi lao likafika hadi maeneo yaliyokombolewa ndani ya Msumbiji. John Garang wa Sudan, aliyemaliza Chuo cha Grinnell huko Iowa mwaka 1969 akaja Dar es Salaam kuendelea na masomo, aliingia katika kundi hilohilo. Unaweza kuwapenda au kuwachukia kwa waliyoyafanya baada ya kushika bunduki na madaraka, na mimi nina maoni yangu ambayo mhariri hatayachapa, lakini huwezi kusema waliipita Dar es Salaam juujuu.

Siwaombi wakuu wa vyuo wawatume wanafunzi wa leo vitani. Nawaomba wawatume wakanunue ndoo.

Maana siku za kwanza za mgeni ni siku za vitu vidogovidogo. Ukitoa mizunguko ya Uhamiaji kufuatilia hati ya ukaazi daraja C, na foleni ya kusajili laini kwa pasipoti na alama za vidole, kinachobaki ni chumba kitupu kinachohitaji ndoo yenye mfuniko, beseni, kopo la kuogea, chandarua na feni. Vyote vinapatikana Mlimani City, kwenye rafu, bei imebandikwa, na muuzaji hana haja ya kukusemesha. Vinapatikana Kariakoo pia, na kule hununui kitu bila kuzungumza na mtu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti wa Kijerumani, mgeni wa jirani yangu, kwenda kununua hivyo vitu. Kiswahili alikuwa nacho cha miaka miwili, cha darasani kwao, kimenyooka na kina ngeli zote. Tulishuka kwenye daladala Msimbazi na hatukufika mbali, winga alikuwa tayari keshatudaka. Kwa msomaji asiyefika Kariakoo: winga hana duka, ana miguu na mdomo. Anakukamata barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakimbia kukitoa duka la mtu mwingine, na kati ya bei ya duka na bei yako anaweka cha juu. Kwa hilo anaishi, na wapo waliosomesha watoto kwa cha juu.

“Dada, feni hizi hapa, orijino kabisa. Themanini tu, maongezi yapo.”

Binti akamjibu: “Samahani kaka, bei hiyo ni ghali sana. Ninaomba unipunguzie, tafadhali.”

Winga alicheka, na hakucheka kwa kejeli. “Dada, hicho Kiswahili cha taarifa ya habari! Sema hivi: kaka, nifanyie hamsini, niwe mteja wako.” Yule binti akarudia neno kwa neno, na sauti yenyewe akaiga. Wauza vyombo wa pembeni wakashangilia. Feni ikatoka kwa elfu hamsini na tano, na winga nina hakika hakulala njaa.

Somo kubwa lakini lilikuwa kwenye ndoo. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, kakaa kwenye kigoda, khanga begani, ndoo zimepangwa nyuma yake hadi juu ya kichwa. Binti, kwa furaha ya feni, akamsalimia: “Mambo, mama!” Yule mama hakuitikia. Alimwangalia kwa utulivu, akasema: “Mambo ni kwa wenzako. Mimi mkubwa kwako, niamkie.” Binti akawa mwekundu, akasema shikamoo. “Marahaba mwanangu. Haya, unataka ya lita kumi au ishirini?”

Nilimuuliza njiani kama kuna aliyewahi kumsahihisha hivyo chuoni. Hakuna. Kule akisema “Mambo” kwa profesa wanacheka na kumpigia makofi, wanamwambia anajua sana Kiswahili, kisha wanahamia Kiingereza. Huo tunauita ukarimu. Kwangu ni kumnyima mtu alichokuja kukitafuta. Mtoto wa dada yangu akitoka Tunduru na kumwambia mzee “mambo”, hatumpigii makofi.

Na kwa kweli mgeni wa Tunduru ndiye ningependa wa ng'ambo afananishwe naye. Dar es Salaam karibu kila mtu ni wa kuja, ama yeye, ama baba yake. Kijana wa Tunduru anapofika, mjomba wake anampa mkeka sebuleni siku mbili tatu, halafu anatumwa: kachukue mzigo Gerezani, kalipe umeme, kamuulize fulani Mtaa wa Sikukuu kama ile biashara ipo. Anapotea, anaibiwa jero, anauziwa viatu vya miguu miwili ya kushoto, na kabla ya mwezi kuisha ni mtu wa mjini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usemi huu tunao vinywani, lakini akija mwanafunzi wa Ulaya jembe tunalificha.

Najua nitakachojibiwa: atapigwa bei. Atapigwa, ndiyo. Kijana wa Tunduru naye hupigwa bei, na mimi nikienda Kariakoo kutafuta vitu vya simu nisivyovijua hupigwa bei vilevile. Sitetei tabia ya kuongeza bei kwa sababu ya rangi ya ngozi, ipo na ni aibu, lakini dawa yake ni mgeni kujua bei, na bei haijulikani kwa kukaa Mlimani. Mwanafunzi aliyejifunza kusema “nifanyie” na anayejua kwamba noti nyekundu ya elfu kumi huitwa msimbazi hapigwi tena kirahisi.

Kuna wageni ambao kwao mambo ni magumu zaidi, na hao hawatajwi kwenye kikao cha maandazi. Mwanafunzi Mkongo au Mkomoro anafanana na sisi, kwa hiyo hakuna anayemsaidia, na akifungua mdomo tunamcheka lafudhi. Mwanafunzi wa Kichina ana shida nyingine. Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara ndogo za aina 15, baada ya manung'uniko ya muda mrefu, mengi yakitoka Kariakoo. Amri ile ni ya biashara na ina hoja zake. Ila mtaani haisomwi kwa vifungu. Binti wa Kichina aliyekuja kusoma Kiswahili, lugha ambayo vyuo vya Beijing vinaifundisha tangu miaka ya 1960, akipita Mtaa wa Aggrey anaitwa bosi na anaulizwa kontena lake limefika lini. Na asiyemuuliza anamnunia. Huyu ndiye anayehitaji zaidi kupitishwa sokoni na mwenyeji, mara kadhaa, mpaka wauzaji wamjue kwa jina.

Tukumbuke pia kwamba jengo lenyewe la Soko Kuu, lile la paa lenye umbo la miavuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua usiku wa Julai 10, 2021, lilichorwa na Mtanzania aliyewahi kuwa mwanafunzi mgeni. Beda Amuli alisomea usanifu majengo Technion, mjini Haifa, Israeli. Alikwenda ugenini, akarudi na elimu, akaiweka katikati ya Kariakoo. Kwa vijana wetu wa leo njia hiyo ni nyembamba zaidi. Ujerumani, kwa mfano, humtaka mwanafunzi wa nje asiye na mfadhili aonyeshe kwanza kwamba ana euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka. Kwetu sijasikia mwanafunzi mgeni akidaiwa kiasi kama hicho. Sidai tulipize. Nadai kwamba kama wao wanakuja kwa urahisi na wetu wanakwenda kwa tabu, angalau wanaokuja waijue nchi, wakirudi makwao wawe mashahidi wa kweli.

Kwa hiyo, ofisi zinazoshughulikia wanafunzi wa kimataifa, wiki ya makaribisho ijayo futeni kipengele kimoja cha hotuba. Mpeni kila mgeni mwenzake wa Kitanzania, si afisa bali mwanafunzi wa kawaida wa mwaka wa pili anayejua kupanda daladala. Wapeni orodha ya vitu vya chumbani na elfu themanini. Washushwe Msimbazi asubuhi ya siku ya tatu, simu mfukoni, begi mbele, na mwenyeji akatazwe kusema Kiingereza mpaka saa nane mchana. Wale kwa mama lishe. Wapite Lumumba waonyeshwe chuo kilipoanzia.

Na ninyi mnaouza Kariakoo, ambao najua mnasoma gazeti hili kabla ya kufungia nalo bidhaa: wakija, wasemesheni Kiswahili, wasahihisheni bila haya, wekeni cha juu kidogo kama ilivyo ada, na chenji yao wapeni yote.